Ekari ya Hatua Sabini: Kanuni ya Wastani na Kosa Lisilogeuka Upande

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, neno ekari hutamkwa kila siku na watu ambao hawajapata kuiona ekari ikipimwa kwa mnyororo wa mpima ardhi. Mwenye trekta hulipwa kwa ekari. Kibarua wa palizi hulipwa kwa ekari. Mbegu za mahindi na alizeti hununuliwa kwa hesabu ya ekari, shamba hukodishwa kwa ekari, na mavuno yakisimuliwa husimuliwa kwa magunia ya kila ekari. Kipimo chenyewe ni miguu ya binadamu: hatua 70 upande mmoja, hatua 70 upande wa pili, na hiyo ndiyo ekari moja. Pale ambapo shamba halikukaa mraba, na katika milima ya Mbulu mashamba mengi hayakukaa mraba, hutumika kanuni nyingine. Pande mbili zinazoelekeana hujumlishwa na kugawanywa kwa mbili. Pande mbili zilizobaki hufanyiwa vivyo hivyo. Kisha wastani mmoja huzidishwa kwa wastani wa pili.

Kanuni hii ya wastani ni rahisi, hukumbukwa upesi, na mara nyingi jibu lake huwa karibu na ukweli. Lakini ina tabia moja ambayo yafaa ijulikane kwa kila mwalimu na mwanafunzi wa sekondari. Haikosei mara juu na mara chini, kama akoseavyo mtu anayekisia. Kila inapokosea hukosea upande mmoja tu: hulikuza shamba. Hapana shamba lolote la pande nne zilizonyoka, liwe Katesh au Dongobesh au mahali pengine popote duniani, ambalo kanuni hii imepata kulipunguza. Hayo si matokeo ya uchunguzi wa mashamba mia au elfu. Ni jambo linalothibitishwa kwa jometri ya Kidato cha Pili, na uthibitisho wake hauzidi mistari kumi.

Kwanza ni vema kuiangalia hiyo hatua 70 yenyewe, maana nayo ina historia. Ekari ni kipimo cha Kiingereza chenye yadi za mraba 4,840. Yadi 70 kwa yadi 70 ni yadi za mraba 4,900; zimezidi ekari kwa yadi 60 tu, yaani kwa moja na robo katika kila mia. Kwa mtu anayepima kwa miguu, hilo ni kosa dogo mno, na hatua ndefu ya mtu mzima haiko mbali na yadi. Hivyo kanuni ya 70 kwa 70 ni nzuri, maadamu hatua ni yadi. Taabu ilianza pale mfumo wa meta uliposhika nchi na namba 70 ikabaki ilivyokuwa. Siku hizi husikika pia kwamba ekari ni meta 70 kwa meta 70. Hizo ni meta za mraba 4,900, ilhali ekari haizidi meta za mraba 4,047. Namba haikubadilika, kipimo kilibadilika, na ekari ikanenepa kwa zaidi ya sehemu moja ya tano.

Isitoshe, miguu ya watu haifanani. Mtu ambaye hatua yake ni senti­meta 80 akihesabu 70 kwa 70 amezunguka meta za mraba 3,136. Mwenye hatua ya meta moja amezunguka 4,900. Wote wawili watasema wamepima ekari moja, na kila mmoja atakuwa mkweli kwa hesabu yake. Tofauti ya urefu ni moja ya tano. Tofauti ya eneo inazidi moja ya tatu, kwa sababu kosa la urefu huingia mara mbili, katika urefu na katika upana. Ndiyo maana mwenye trekta mwenye miguu mifupi hana sababu ya kununua kamba.

Makosa hayo, hata hivyo, ni ya chombo cha kupimia, nayo huondoka kwa kutumia utepe. Kosa la kanuni ya wastani haliondoki kwa utepe. Hata vipimo vingekuwa sahihi hadi unene wa unywele, kosa lingebaki pale pale.

Chanzo chake huonekana kwa vijiti vinne na misumari minne midogo. Mwanafunzi akate vijiti vinne vyenye urefu sawa na kuviunga kwenye ncha kwa msumari mmoja mmoja, bila kukaza. Umbo hilo laweza kusimama wima likawa mraba. Laweza pia kusukumwa upande likainama, na likiendelea kusukumwa hulala kabisa hadi vijiti vinagusana na eneo linatoweka. Wakati wote huo hakuna kijiti kilichorefuka wala kufupika. Ikiwa kila kijiti kinawakilisha hatua 70, kanuni ya wastani husema 4,900 tangu mwanzo hadi mwisho, wakati eneo la kweli linashuka: pembe ikifika nyuzi 60 eneo ni 4,244 tu, na ikifika nyuzi 30 ni 2,450, yaani nusu kamili. Pande nne pekee hazitoshi kulijua eneo. Hilo ndilo jambo la kwanza, nalo ni tofauti kabisa na hali ya pembetatu. Vijiti vitatu vikiungwa havisukumiki. Urefu wa pande tatu ukijulikana, pembetatu imekwisha kujulikana yote, pembe zake na eneo lake. Seremala anayetengeneza lango la zizi anajua hivyo kwa mikono yake. Hulipigilia ubao wa tano kutoka kona hadi kona ili lango lisilale. Ubao huo huligeuza umbo la pande nne kuwa pembetatu mbili.

Hapa ndipo mantiki inapoanza kuhitajika. Kila mwanafunzi amefundishwa kwamba ikiwa shamba ni mstatili, basi pande zake zinazoelekeana ni sawa. Kauli hiyo ni kweli. Wengi huigeuza bila kutambua kwamba wameigeuza, wakasema: pande zinazoelekeana ni sawa, basi shamba ni mstatili. Kauli hii ya pili si ile ya kwanza. Ni kauli nyingine, inayohitaji uthibitisho wake yenyewe, na katika mfano huu haina uthibitisho kwa kuwa si kweli. Vijiti vilivyoinama vimekwisha kuikanusha. Mtu akisema kila Mwiraqw wa Mbulu ni Mtanzania, hajasema kwamba kila Mtanzania ni Mwiraqw. Katika lugha ya kawaida kosa hili huonekana upesi na watu hucheka. Katika jometri hupita kimya.

Mafundi wa kujenga nyumba hulijua jambo hili kuliko wanafunzi wengi. Fundi anayepanga msingi hatosheki na kuona kwamba pande zinazoelekeana ni sawa. Hupima pia kamba kutoka kona hadi kona, kisha kamba ya kona mbili nyingine, na hatachimba hadi ziwe sawa. Mstari huo wa kona hadi kona huitwa ulalo. Je, kipimo cha ulalo peke yake kingetosha? Hapana. Shamba lenye upande wa juu hatua 60, upande wa chini hatua 80 unaokwenda sambamba nao, na mbavu mbili za hatua 70 kila moja, lina ulalo wa kwanza sawa na wa pili, wala si mstatili. Masharti mawili yakikutana, pande zinazoelekeana kuwa sawa na ulalo mmoja kuwa sawa na mwingine, ndipo umbo linakuwa mstatili kwa hakika. Kila sharti peke yake ni pungufu.

Vivyo hivyo kuhusu kamba ya 3, 4 na 5. Kanuni ya Pythagoras husema: ikiwa pembe ni mraba, basi mraba wa upande mrefu ni jumla ya miraba ya pande mbili fupi. Fundi haitumii hiyo. Yeye bado hana pembemraba, anaitafuta. Anachotumia ni kauli iliyogeuzwa: ikiwa pande ni 3, 4 na 5, basi pembe iliyo kati ya 3 na 4 ni mraba. Kwa bahati njema kauli hii nayo ni kweli, lakini ukweli wake haukutokana na ule wa kwanza bila kazi. Kazi yenyewe ni fupi. Chora pembetatu nyingine yenye pembemraba kati ya pande za 3 na 4. Kwa kanuni ya Pythagoras upande wake wa tatu ni 5. Sasa pembetatu mbili zina pande tatu zilizo sawa, kwa hiyo ni sawa kwa kila hali, na pembe zao ni sawa. Basi pembe ya fundi ni mraba. Vitabu vingi vya shule hupita hapa kwa haraka, na mwanafunzi hutoka darasani akidhani kwamba kauli ya fundi na kauli ya kitabuni ni kitu kimoja.

Sasa uthibitisho ulioahidiwa. Msomaji achore shamba la pande nne na kuziita kona zake A, B, C na D kwa mzunguko. Upande AB uwe a, BC uwe b, CD uwe c, na DA uwe d.

Kwanza, pembetatu yoyote yenye pande mbili a na b haiwezi kuwa na eneo linalozidi nusu ya a mara b. Sababu ni hii: upande a ukifanywa kitako, kimo ni umbali wa wima kutoka ncha ya upande b hadi kwenye mstari wa kitako. Njia ya wima ndiyo fupi kuliko zote, kwa hiyo kimo hakiwezi kuzidi b. Kinakuwa sawa na b pale tu b yenyewe inaposimama wima juu ya a, yaani pembe ikiwa mraba.

Pili, shamba likatwe kwa ulalo AC. Zinapatikana pembetatu mbili, moja yenye pande a na b, nyingine yenye pande c na d. Kwa hiyo eneo la shamba haliwezi kuzidi nusu ya (ab + cd).

Tatu, shamba lile lile likatwe kwa ulalo BD. Sasa pembetatu moja ina pande b na c, nyingine ina d na a. Kwa hiyo eneo haliwezi kuzidi nusu ya (bc + da).

Nne, kauli hizo mbili zijumlishwe. Mara mbili ya eneo haiwezi kuzidi nusu ya (ab + bc + cd + da). Lakini jumla iliyo ndani ya mabano si nyingine ila (a + c) mara (b + d). Msomaji aizidishe na kuona. Gawa kwa mbili, na kinachobaki ni hiki: eneo haliwezi kuzidi nusu ya (a + c) mara nusu ya (b + d). Hiyo ndiyo kanuni ya wastani yenyewe.

Na ni lini kanuni husema kweli kabisa? Pale tu ambapo hakuna kilichopotea katika hatua yoyote, yaani pembetatu zote nne zilipofikia upeo wake, na hilo linadai pembe zote nne ziwe mraba. Basi kanuni ni sahihi kwa mstatili, na kwa mstatili tu. Hapa kauli na mgeuzo wake zote mbili ni kweli, na zote mbili zimethibitishwa, kila moja kwa sababu yake. Inafuata pia kwamba shamba lisilo mstatili limekuzwa bila shaka yoyote. Kupima mashamba mia ya Hanang na kuyakuta yote yamekuzwa kungekuwa ushahidi wa kutia moyo, lakini shamba la mia na moja lingebaki katika mashaka. Uthibitisho hauachi shamba la mia na moja.

Wakulima wa Mbulu hawakuwa wa kwanza kuitumia kanuni hii, na lisidhaniwe kuwa kosa la watu wasiosoma. Kwenye kuta za hekalu la Horus huko Edfu, Misri, yamechongwa maandishi ya mashamba yaliyotolewa kwa hekalu, yenye umri wa miaka ipatayo 2,100. Kila shamba limeandikwa pande zake nne na eneo lake, na eneo limepatikana kwa kanuni hii hii ya wastani. Hata mashamba ya pembetatu yalitendewa hivyo: upande wa nne uliandikwa kuwa si kitu, kisha hesabu ikaendelea kana kwamba zipo pande nne. Watu wa Mesopotamia waliitumia zamani zaidi. Waliojenga mahekalu yale walijua mengi kuhusu mawe na nyota, na bado makarani wao waliandika mashamba makubwa kuliko yalivyokuwa. Lau wangalijaribu shamba moja la pembetatu yenye pande 70, 70 na 70, kanuni yao ingaliwapa 2,450, ilhali eneo la kweli ni 2,122.

Basi nani anaumia? Jibu linategemea nani anapokea na nani anatoa. Chukua shamba lenye pande 80, 70, 60 na 70 kwa mzunguko, hatua zikiwa za yadi. Wastani wa 80 na 60 ni 70. Wastani wa 70 na 70 ni 70. Mwenye trekta humwambia mwenye shamba, “Mama, hili ni ekari moja kamili,” wala hasemi uongo kwa kadiri ya kanuni aijuayo. Lakini kamba ikivutwa kutoka kona ya A hadi kona ya C na kukutwa ina hatua 120, eneo la kweli ni 4,185 tu. Katika kila shilingi 100 alizolipa mama huyo, karibu shilingi 15 zimelipia ardhi ambayo haipo. Msimu mwingine mama huyo huyo akilikodisha shamba lake, kosa litamnufaisha yeye na kumwumiza mpangaji. Kibarua wa palizi hunufaika na kosa. Mnunuzi wa mbegu na mbolea huumia, kwa kuwa hununua za ekari nzima. Tena yuko mtu wa tatu ambaye haumii mfukoni bali hudanganyika: bwana shamba anayeandika mavuno. Magunia yaliyovunwa yamehesabiwa sawasawa, ekari zimekuzwa, na hivyo mavuno ya kila ekari huonekana haba kuliko yalivyo. Kwa kuwa kosa haligeuki upande, kujumlisha mashamba mengi hakulifuti. Makosa ya kukisia hufutana yakiwa mengi, haya hulundikana.

Dawa ni kipimo cha tano. Hapana haja ya darubini ya mpima ardhi. Kamba moja ikivutwa kutoka kona hadi kona inayoielekea, shamba linakuwa pembetatu mbili, na pembetatu hazidanganyi. Heron wa Alexandria, aliyeishi Misri katika karne ya kwanza baada ya Kristo, aliacha njia ya kupata eneo la pembetatu kwa pande zake tu. Nusu ya mzingo huitwa s; eneo ni kipeuo cha pili cha s mara (s − a) mara (s − b) mara (s − c). Katika shamba lililotajwa, pembetatu ya kwanza ina pande 80, 70 na 120. Nusu ya mzingo ni 135, na mazao ya 135, 55, 65 na 15 ni 7,239,375, ambayo kipeuo chake ni 2,691 hivi. Pembetatu ya pili ina 60, 70 na 120. Nusu ya mzingo ni 125, na mazao ya 125, 65, 55 na 5 ni 2,234,375, kipeuo chake ni 1,495 hivi. Jumla imezidi 4,185 kwa sababu ya kukadiria kila kipeuo kwenda juu. Isipokadiriwa mapema ni 4,185.

Asiye na kikokotoo wala jedwali la vipeuo anayo njia nyingine, nayo kwa shamba la kweli ni bora zaidi. Avute kamba ya ulalo na kuiacha chini. Kisha apime umbali wa wima kutoka kila moja ya kona mbili zilizobaki hadi kwenye kamba, pembemraba ikitafutwa kwa kamba ya pili yenye mafundo ya 3, 4 na 5. Katika shamba hili atapata hatua 45 kwa upande mmoja na 25 kwa upande wa pili, pengine kasoro kidogo. Nusu ya ulalo ni 60. Jumla ya vimo ni 70. Eneo ni 4,200. Hapakuhitajika kipeuo, na kosa lililobaki ni hatua 15 tu za mraba. Siku hizi simu za mkononi zinazopokea ishara za setilaiti hutoa eneo kwa mtu anayezunguka mpaka wa shamba. Zinafaa kwa mashamba makubwa. Kwa shamba la ekari moja, simu ya kawaida huweza kukosea meta kadhaa kwenye kila kona, na kamba ya katani bado inaishinda.

Hayo yote yamedhani kwamba shamba ni bapa kama karatasi. Uwanda wa Basotu unaruhusu dhana hiyo. Milima ya Irqwar Da'aw, upande wa Kainam, ambako Wairaqw wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi, hairuhusu. Hatua 70 zilizopandwa kwenye mteremko wa nyuzi 20 ni hatua 66 kasoro kidogo zikitazamwa kutoka juu. Kwenye nyuzi 30 ni 61 kasoro. Ramani na hati ya ardhi huandika eneo linalotazamwa kutoka juu. Jembe na palizi hufuata mteremko. Kwa hiyo mstatili ule ule wa mlimani una maeneo mawili, yote mawili ya kweli, na ugomvi kati ya mwenye hati na kibarua waweza kuwa ugomvi wa watu wawili waliopima sawasawa. Ubaya wa mantiki hapo si hesabu bali ni neno moja kutumika kwa maana mbili.

Yapo pia maswali ambayo kipimo hakiyafikii. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, mashamba makubwa ya ngano yalianzishwa katika Hanang, na hatimaye yakafikia ekari zipatazo 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Kijiji cha Mulbadaw kililifikisha shirika la umma lililoendesha mashamba hayo, NAFCO, mbele ya Mahakama Kuu katika shauri la mwaka 1981. Kijiji kilishinda, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Katika shauri hilo swali halikuwa ardhi ina ukubwa gani, bali ni ya nani. Jometri hulijibu swali la kwanza kwa ukamilifu ambao sayansi nyingine huuonea wivu, na hukaa kimya kabisa mbele ya la pili. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewezesha hati za hakimiliki ya kimila kutolewa vijijini, na hapo maswali hayo mawili hukutana kwenye karatasi moja: jina la mtu na ukubwa wa shamba lake.

Ipo shida moja ya shule zetu ambayo haihusu pembe wala pande. Mwanafunzi wa sekondari husoma jometri kwa Kiingereza. Mzazi wake hupima shamba kwa Kiswahili, Kiiraqw au Kidatoga. Mwanafunzi aweza kupata alama nzuri katika kanuni ya Pythagoras na mgeuzo wake, kisha likizo akasimama kando ya shamba la nyumbani akitazama trekta ikihesabiwa hatua, asitambue kwamba kinachofanyika mbele yake ndicho alichofanyia mtihani. Mwalimu anayewatoa wanafunzi darasani kwa kipindi kimoja, wakiwa na kamba na mambo za vijiti, kulipima shamba la shule kwa kanuni ya wastani na tena kwa ulalo, hatahitaji kuwaeleza kwa nini uthibitisho unafaa. Watamwuliza wao kwa nini namba mbili zimetofautiana, na kwa nini tofauti ni ya upande ule ule kwa kila kikundi.

Limebaki jambo moja katika uthibitisho ambalo msomaji makini huenda amekwisha kulishuku. Ilisemwa kwamba shamba likatwe kwa ulalo AC, kisha likatwe kwa ulalo BD, kana kwamba kila ulalo lazima upite ndani ya shamba. Sivyo kila mara. Shamba linaloambaa korongo huweza kuwa na kona moja iliyobonyea ndani, na hapo ulalo mmoja hupita nje, juu ya korongo, katika ardhi ya mtu mwingine. Kauli ya hatua ya pili au ya tatu haina budi kusemwa upya: eneo la shamba si jumla ya pembetatu mbili bali ni pembetatu kubwa ikiondolewa ndogo. Je, hitimisho linasimama au linaanguka? Mwanafunzi achore shamba hilo, aone ni pembetatu ipi inayoondolewa, na ajiulize kama kuondoa kitu kwaweza kulifanya eneo lizidi kile ambacho pembetatu kubwa peke yake haikuweza kukizidi.